Kimo cha Mchanga

Studio ya picha iliyokuwa nyuma ya karakana ya matairi ilibomolewa mwezi wa pili, ukuta mmoja kwa siku, kwa kuwa wabomoaji walikuwa wawili na nyundo ilikuwa moja. Kabla paa halijashushwa, binti wa mpiga picha aliokoa alichoweza kubeba: makopo saba makubwa ya biskuti yaliyojaa negativu. Aliyapakia kwenye toroli la saruji, akalisukuma hadi Chumba cha Kumbukumbu, akayashusha sakafuni moja moja.

"Baba aliniambia nisiyatupe," alisema. "Hakuniambia niyafanyie nini."

Mtunza kumbukumbu alimwandikia hati ya kupokea na kumtaka atie sahihi mahali patatu. Ndivyo alivyokuwa. Watu wa mji walimwita Mama Faili, naye hakukasirika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa idara ya maji. Idara ilipohamia jengo jipya, iliacha nyuma chumba kirefu chenye madaftari ya zamani, na yeye akaachiwa chumba hicho kama jirani anavyoachiwa paka. Halmashauri ilimpa cheo, rafu za chuma, kompyuta, skana moja, na feni iliyozunguka ilipojisikia. Kila asubuhi kabla ya kuwasha chochote alifuta mchanga mezani. Aliziba madirisha kwa gundi na vitambaa, akaweka gunia chini ya mlango, na bado mchanga ulipita kwenye tundu la ufunguo.

Mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka thelathini na minne tu. Kabla yake kulikuwa na mwingine, kilomita kumi na nane ndani zaidi ya jangwa. Visima vya huko vilikauka, matuta ya mchanga yakaanza kusogea, kwanza mashambani kisha mitaani, mpaka serikali ikaleta malori na kuwahamisha watu wote kwa siku tisa. Daftari la uhamisho lilikuwa na majina mia tatu na sita. Mia tatu na tano yalitiwa alama ya kufika. Moja, nambari 147, liliandikwa "amefariki". Mji mpya ulijivunia jambo hilo kuliko lolote lingine. Hakuna aliyeachwa nyuma. Mtu mmoja tu hakufika, na huyo aliitwa na Mungu, hakuachwa na binadamu.

Mama Faili hakuwamo kwenye daftari hilo. Alikuja baadaye, kuolewa. Ndiyo sababu, ilipofika zamu ya kutambua sura za watu kwenye picha, alihitaji macho ya mtu mwingine, na macho hayo yalikuwa ya baba mkwe wake.

Mzee huyo walimwita Difu. Alikuwa dereva wa lori tangu ujana, na jina hilo alilipata kwa kuendesha kilomita arobaini difu ya magurudumu ya nyuma ikisaga meno, huku yeye akiimba kwa nguvu ili asiisikie. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili. Saa yake aliivaa mkono wa kulia, uso wa saa ukiwa upande wa ndani wa kifundo, kwa sababu, alisema, jua likipiga kioo cha saa dereva anaweza kuua watu. Hakuwa ameshika usukani kwa miaka minane, lakini saa ilibaki vilevile. Kila Alhamisi saa tatu alikuja, akavua kofia, akaketi mbele ya kompyuta.

Kazi yao ilikuwa rahisi. Mama Faili alivaa glovu za pamba, akatoa negativu, akaipitisha kwenye skana, na watu waliokuwa na nyuso nyeusi na nywele nyeupe wakageuka kuwa watu wa kawaida kwenye skrini. Mzee Difu aliwataja.

"Huyo fundi viatu. Mguu wake mmoja mfupi, ndiyo maana kaegemea ukuta. Na huyo nyuma yake ni shemeji yake, mwizi wa kuku."

"Niandike mwizi wa kuku, Baba?"

"Andika mfugaji. Si kuku walikuwa kwake?"

Kwa miezi miwili walifungua makopo matatu. Mzee hakuwahi kusema hamjui mtu. Asipomjua, alimbunia ukoo, na Mama Faili alijifunza kuweka alama ya kuuliza pembeni kila aliposikia maelezo yamekuwa matamu mno.

Kwenye kopo la nne kulikuwa na kipande cha filamu cha picha tano ambazo hazikukatwa. Nambari zake zilikuwa zimechapwa pembeni na kiwanda, kumi na tisa hadi ishirini na tatu, kwa hiyo hapakuwa na ubishi juu ya ipi ilitangulia. Ya kumi na tisa ilionyesha lori likipakiwa magodoro. Ya ishirini, watu wamekaa juu ya mizigo, mtoto mmoja amekumbatia redio. Ya ishirini na moja, lori limegeuzwa. Ya ishirini na mbili, lori linaondoka, vumbi limefunika magurudumu ya nyuma. Ubaoni, nyuma ya lori, mtu alikuwa ameandika kwa chaki: LA MWISHO.

Ya ishirini na tatu ilikuwa ya mwanamke mzee aliyesimama mlangoni kwake. Mbele yake, mchangani, zilipita alama za matairi.

Feni ilikoroma, ikasimama. Mzee Difu aliitazama skrini kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Simjui," alisema.

"Humjui kabisa?"

"Mwanangu, watu walikuwa wengi." Alichukua kofia yake. "Hii feni yako inanipa mafua. Tutaonana."

Feni ilikuwa imesimama tangu alipoanza kuitazama picha ile. Mama Faili alimsindikiza mlangoni, akarudi, akaandika kwenye kadi: *Mwanamke, hajatambuliwa.* Kisha akaendelea na kopo lilelile, kwa maana siku haikuwa imeisha.

Chini kabisa alikuta bahasha isiyo na maandishi. Ndani yake mlikuwa na negativu kumi na moja, kila moja imekatwa peke yake. Kwa kuwa hazikuwa na mfuatano, alizipitisha kwenye skana jinsi zilivyotoka. Nyingi zilikuwa za wanawake wazee na nyumba. Mmoja alishika ufagio mbele ya mlango mrefu. Mwingine aliketi kando ya mlango mfupi, mfupi kama wa banda la mbuzi. Mwingine alikuwa anatoka nje kwa dirisha. Alidhani ni wanawake tofauti na nyumba tofauti, akaanza kuwapa kadi, mmoja mmoja, mpaka kadi ya nne alipoona ubao wa juu wa mlango. Ulikuwa na ufa uliopanda kushoto, ukagawanyika mara mbili kama panda ya manati. Alirudi kwenye kadi ya kwanza. Ufa ulikuwepo. Kwenye ya pili, ulikuwepo.

Hakuwa mtu wa kushtuka. Alichapa picha zote kumi na moja kwenye karatasi za kawaida, akaondoa kila kitu mezani, akazipanga upya. Hakukuwa na tarehe hata moja, lakini kulikuwa na mchanga. Alizipanga kwa kimo chake.

Mchanga ulianzia kwenye kizingiti, na mwanamke alikuwa anaufagia. Ulimeza kizingiti. Ukafika kwenye komeo. Ukafika nusu ya mlango, na mwanamke akaketi juu yake kama juu ya kiti, akinywa kitu kwenye kikombe cha bati. Ukafika kwenye dirisha, akawa anaingilia dirishani. Kisha mlango haukuonekana tena, ila ule ubao wenye ufa, na mwanamke alikuwa amehamia chumba kidogo kilichojengwa juu ya paa, ambako sasa aliingia moja kwa moja kutoka mchangani, bila ngazi. Wale wanawake walikuwa mmoja. Ni yule wa picha ya ishirini na tatu.

Kwenye picha ya dirishani palikuwa na mkono wa mtu aliyekuwa anamsaidia kutoka. Mtu mwenyewe alikatwa na ukingo wa picha. Mkono tu ndio ulioonekana, shati limekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa mkono wa kulia. Saa ilikuwa kwenye kifundo, uso wake umegeuzwa ndani.

Mama Faili alivua glovu. Alikwenda rafu ya pili, akatoa daftari la uhamisho, akafungua ukurasa wa nambari 147. *Mwanamke. Mjane. Miaka 69. Amefariki siku mbili kabla ya lori la mwisho. Amezikwa huko. Aliyetoa taarifa: mwanawe, dereva.* Sahihi aliifahamu. Aliiona kila mwaka kwenye kadi ya hospitali ya baba mkwe wake.

Nambari 147 alikuwa bibi wa mume wake. Nyumbani kwao hapakuwa na picha yake hata moja.

*

Mume wake alifundisha hesabu shule ya sekondari. Jioni ile Mama Faili alimkuta anasahihisha madaftari ya wanafunzi, akaweka picha mbili mbele yake, ya mlangoni na ya dirishani.

"Nani huyu?" mume aliuliza. Wakati wa kuhama alikuwa na miaka mitano.

"Tazama ule mkono."

Aliutazama. Alikuwa mtu wa kufikia jibu haraka, na alilifikia. Alifunika kalamu yake.

"Mke wangu, kazi yako ni kutunza picha za watu. Sikujua ni kumpeleleza baba yangu."

"Sipelelezi. Nazipanga tu."

"Basi zipange vingine."

"Mchanga haupungui, Baba Watoto. Unapanda tu. Hazipangiki vingine."

Siku mbili walizungumza mambo ya gesi na sare za shule tu. Alhamisi ilifika, Mzee Difu hakuja. Ya pili pia hakuja. Alituma ujumbe kwamba mgongo unamsumbua. Mama Faili hakumfuata. Aliendelea na kopo la tano, akaacha alama za kuuliza kila mahali. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata akichoshwa na kuijua atakuja mwenyewe.

Alikuja Jumatatu, amevaa shati lililopigwa pasi. Hakuvua kofia.

"Umeziona zote?"

"Nimeziona kumi na moja, Baba."

"Ni zote." Aliketi. "Washa hicho kinasa sauti chako. Nikisema mara moja sirudii."

Alizungumza kwa dakika hamsini. Mtu anaweza kuyasikiliza maneno hayo leo, yapo; kwa ufupi alisema hivi. Mama yake alikataa kuhama. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema, "Nimehama mara nne: kutoka kwa baba, kutoka kwa mume wa kwanza, kutoka kwa mume wa pili, na mwaka wa ukame mkubwa. Mara ya tano nahamishwa na nani, upepo?" Msimamizi alikuwa na amri kwamba anayekataa abebwe na askari. Tayari walishambeba mzee mmoja, na mzee huyo alipigana mpaka akavunjika mkono. Mama alimwita mwanawe, akamwambia, "Hao wanahitaji kuandika kitu kwenye daftari lao. Waandikie nimekufa, waniache."

"Nikamwandikia," alisema Mzee Difu. "Mpiga picha alikuwepo. Alisubiri lori la mwisho litoke, akampiga picha yake, ndipo akaondoka kwa pikipiki. Mambo hayo tuliyajua watatu."

Baada ya hapo alipewa kazi ya kubeba mawe ya kujengea mji mpya, na machimbo yalikuwa upande uleule. Kila Jumatano alikata kona, akampelekea mama mapipa mawili ya maji, unga, majani ya chai na betri za redio. Mpiga picha aliomba lifti mara moja kwa mwezi. Mama hakupenda kupigwa picha, ila alikubali, kwa sharti kwamba asiambiwe "tulia", kwani alikuwa ametulia kuliko wote.

"Nilipomwambia kuwa watu wanakaa msiba wake, alicheka mpaka akakohoa. Akauliza nani amelia sana. Nikamwambia dada. Hapo hakucheka tena."

"Kwa nini hukumwambia Shangazi?"

Mzee aligeuza saa yake kwenye kifundo, akairudisha.

"Alikuwa muuguzi wa serikali. Angekuja na gari la wagonjwa siku ya pili. Na mimi ningefungwa kwa kuandikisha kifo cha mtu anayekunywa chai. Halafu Mama akafa kweli, mwezi wa kumi na nne. Nilimkuta kitandani, redio inazungumza. Tukamzika, mimi na mpiga picha. Sasa nimwambie nini dada? Lia tena, ile ya kwanza ilikuwa ya majaribio?"

Mama Faili alizima kinasa sauti.

"Naomba asijue mpaka nife," mzee alisema. "Nimeshafika, si muda."

"Baba, daftari lile liko wazi kwa kila mtu. Na mwezi ujao kuna maonyesho ya uhamisho."

"Basi zifiche."

"Siwezi kuzificha. Naweza kuzichelewesha."

Mzee aliikodolea macho rafu ya chuma kana kwamba ndiyo iliyomjibu. "Ukizichelewesha, nitazifikiria kila siku," alisema mwishowe. "Mwite. Lakini niwepo."

*

Shangazi na kaka yake hawakuwa wamesemeshana ana kwa ana kwa miaka thelathini na minne. Shangazi hakuwa amemsamehe kwa kumzika mama yao bila kumsubiri. Kwenye harusi na misiba walikaa chumba kimoja, wakatumiana watu. "Mwambieni huyo bwana asogeze kiti." "Mwambieni huyo mama kiti kimevunjika." Wajukuu walikua wakidhani ndivyo kaka na dada wanavyozungumza.

Alifika saa nne kamili, na mkoba mweusi wa kazini ingawa alistaafu miaka sita iliyopita. Alimwona kaka yake kwenye kona, akamsalimia mkwe wake peke yake.

Mama Faili alikuwa ameandaa maelezo. Hakuyatumia. Alimvuta kiti, akamwonyesha meza.

Shangazi alivaa miwani. Alianzia kushoto, picha ya kwanza, na uso wake ukabadilika mara moja, kisha ukarudi ulivyokuwa. Alikwenda moja moja bila kugusa. Alipofika mwisho alirudi ya tano na ya sita, akainama.

"Umekosea hapa," alisema.

"Wapi, Shangazi?"

"Hii inatangulia hii. Tazama mguu. Hapa kidonda cha kifundo ni kibichi, kinachungulia juu ya bendeji. Hapa kimekauka, kimepata gamba. Wiki tatu, labda nne."

Mama Faili alitazama. Kimo cha mchanga kwenye picha hizo mbili kilikuwa karibu sawa, na kidonda hakuwa amekiona. Alizibadilisha nafasi.

"Nani alimfunga bendeji?" Shangazi aliuliza, bado amekodolea macho mezani. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamsemesha kaka yake.

"Nakuuliza. Nani alimfunga bendeji?"

"Mimi," Mzee Difu alisema.

"Umeifunga vibaya. Imebana."

"Alilalamika kweli."

"Nilikaa msiba siku saba," Shangazi alisema. Sauti haikupanda. "Nilinyoa kichwa. Nilirudi kazini nikafunga vidonda vya watu nisiowajua, miezi kumi na minne, na mama yangu ana kidonda mguuni, anafungwa bendeji na dereva wa lori."

"Alinikataza, dada."

"Mimi pia alinizaa. Angenikataza mwenyewe."

"Kweli," mzee alisema.

Shangazi alitoa leso, akafuta miwani, siyo macho. Mama Faili alijishughulisha na kupanga kadi ambazo zilikuwa zimepangwa. Halafu Shangazi akaweka kidole kando ya picha ya kumi na moja, ambayo haikuwa na mtu. Ilikuwa na mchanga ulioinuka kidogo, ubao uliosimamishwa, na kwa mbali mnara wa tangi la maji na kilima chenye vichwa viwili.

"Hiki nini?"

"Ndipo alipolala," Mzee Difu alisema. "Sikumzika mjini, mchanga ungemfunika. Nilimpandisha juu. Ubao niling'oa kwenye lori."

"Ungepafahamu leo?"

"Sijui. Sijakwenda tangu hapo."

"Mnara upo?"

"Kichwa chake kipo," Mama Faili alisema. "Kinaonekana kutoka barabara ya machimbo."

Shangazi alichukua mkoba wake. "Basi twende."

Hawakwenda siku hiyo. Barabara ya machimbo ilikuwa imefungwa na mchanga mpaka pepo za msimu zipungue, na hata hasira ya muuguzi mstaafu haikuweza kusukuma matuta.

*

Kilichobaki kilikuwa cha ofisi. Mkurugenzi wa mji, mtu mnene mwenye haraka, alikuwa ameshachapisha bango la maonyesho: TULITOKA SOTE. Mama Faili alimpelekea maelezo ya ukurasa mmoja na picha tatu.

"Unataka nisimame mbele ya wageni niseme tulitoka sote kasoro mmoja?"

"Sema idadi tu. Walitoka mia tatu na tano, alibaki mmoja kwa hiari yake."

"Mama Faili, mtu mmoja!"

"Kwenye daftari, Mheshimiwa, kila mtu ni mmoja."

Mkurugenzi alitazama picha ya chai juu ya mchanga kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Mwishowe alisema bango litabaki kwa kuwa limeshatundikwa, hotuba itakuwa fupi, na ukuta wa pembeni ni wake afanye apendalo.

Kaka na dada walishindwa kukubaliana juu ya maneno ya chini ya picha. Mzee alitaka iandikwe "alikataa kuhama". Shangazi alitaka "alifichwa". Walibishana Alhamisi mbili nzima, wakisemeshana wenyewe, bila tarishi, na mume wa Mama Faili, aliyekuja kuwapatanisha, aliishia kubeba viti. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba nakala ya picha ile ya kikombe cha bati. Aliiweka kwenye begi la kazi, katikati ya daftari la mahudhurio, na kwa mke wake hakusema zaidi ya "asante". Maneno yaliyotumika mwishoni aliandika Mama Faili: nambari, umri, miezi kumi na minne, nani alimpelekea maji, nani alimpiga picha, nani hakuambiwa.

Watu walipita chini ya bango bila kuinua macho, wakaenda ukuta wa pembeni. Hakuna aliyemtukana Mzee Difu, kama alivyoogopa, wala aliyemsifu. Wanawake wawili wa rika lake walisimama mbele ya picha ya dirishani, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba daima alishangaa kwa nini lori la mawe lilichelewa Jumatano. Daftari lilirekebishwa: mstari wa nambari 147 haukufutwa, uliongezewa maelezo kwa kalamu nyekundu, na mashahidi wakawa watoto wawili wa marehemu.

*

Pepo zilipungua baada ya wiki sita. Waliondoka asubuhi na gari la halmashauri, dereva, Mama Faili, mzee na dada yake. Shangazi alikaa mbele kwa sababu ya magoti. Mzee alimkosoa dereva gia zote njia nzima.

Kichwa cha mnara kilionekana kama sufuria iliyopinduliwa juu ya mchanga. Mama Faili alishuka na picha ya kumi na moja ndani ya mfuko wa plastiki, akaishika mbele ya uso wake kwa mikono miwili. Alitembea kushoto mpaka mnara ukakaa mahali pake chini ya kilima cha vichwa viwili, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukubwa ukalingana. Mchanga ulikuwa umebadili sura, kwa hiyo kimo hakikusaidia. Alichora mstari kwa kisigino. Hesabu yake ilimpa eneo la hatua thelathini kwa ishirini, si chini ya hapo.

"Mahali fulani humu," alisema. "Siwezi kubana zaidi."

Hapakuwa na ubao. Shangazi alitembea ndani ya eneo lile, polepole, mkoba mkononi, akasimama karibu na katikati.

"Hapa panatosha," alisema.

Mzee Difu alitikisa kichwa. "Siyo hapo. Ni huku, upande wa chini. Nakumbuka jua lilinipiga shavu hili."

"Ulikumbuka pia kwamba amekufa."

"Dada, mimi ndiye niliyechimba."

"Na mimi ndiye ninayesoma picha. Kilima kiko pale."

Waliendelea hivyo kwa muda. Dereva aliegemea gari, akatafuna kijiti. Hakuna aliyekubali, na hakuna aliyetaka kurudi garini. Mwishowe Shangazi alianza kuokota mawe na kuyakusanya alipokuwa amesimama. Mzee akaanza kuyakusanya upande wake. Mawe yalikuwa machache, ikabidi wayafuate mbali, na wakati mmoja walikutana kwenye jiwe moja kubwa ambalo hakuna mmoja angeweza kulibeba peke yake. Walilibeba wawili. Lilikwenda upande wa Shangazi, kwa kuwa ulikuwa karibu zaidi.

Mama Faili alitoa futi ya kamba. Alipima kutoka kwenye rundo la kwanza la mawe hadi la pili: mita saba na nusu. Aliyachora yote mawili kwenye ramani, akaandika pembeni, *mahali panakadiriwa*, akaweka tarehe. Kisha aliwapiga picha, kwanza kila mmoja na mawe yake, halafu moja ya mbali yenye marundo yote mawili, watu wawili wazee katikati, na kichwa cha mnara nyuma yao.

Upepo ulikuwa umeanza kuchezea ncha za suruali. Dereva alipiga honi mara moja, kwa adabu.